Chachu Nyeusi kwa Wageni wa Jumapili

Jumapili, tarehe 8 Septemba

Nimesema uongo tena. Naandika hapa kwa sababu hakuna wa kumwambia. Marie-Claire, mke wangu, ameniwekea sahani ya chakula mezani bila neno, kama anamwekea mpangaji.

Siku ilianza vizuri. Wazazi wa Ushindi, kijana anayetaka kumwoa binti yetu Umuhire, walikuja kutusalimia kwa mara ya kwanza. Baba yake ni muzee Carlos Ntirenganya, mtu wa Rutshuru, mrefu, mpole, anayesikiliza watu huku amefumba macho. Aliishi Nairobi miaka kumi na minane akitengeneza frigo, yaani majokofu. Mkewe ni mama Rosette. Walikula, walishukuru, walisifu jibini langu. (Mimi ni Célestin Habiyaremye, shemasi, muuza jibini la Masisi hapa Katindo, mjini Goma. Naandika jina ili daftari likipotea lirudishwe. Bila kusomwa.)

Kisha shemeji Magloire akafungua mdomo. Magloire ni kaka mkubwa wa mke wangu. Anauza mbao, na mwaka 2011 alikaa Brussels wiki tatu. Hizo wiki tatu hazijaisha mpaka leo. Alieleza jinsi watu wa kule wanavyokunywa kahawa. Na muzee Carlos akafumbua macho kumsikiliza! Kwangu alikuwa ameyafumba tangu supu.

Niliumia.

Baadaye muzee Carlos akasema kuna kitu kimoja anachokikosa tangu arudi kutoka Nairobi. Ni ile nyeusi ya kupaka kwenye mkate. Akaeleza: wanaitengeneza kwa chachu inayobaki kwenye mapipa ya pombe, nzito kama lami, ina chumvi kali, inakaa kwenye chupa ndogo. Watoto wa kule hulelewa nayo. Asiyeizoea haiwezi. Magloire akainamia sahani yake. Brussels hawakumwonyesha hiyo. Nikaona mlango uko wazi, nikaingia mzima mzima. Nikasema sisi hapa nyumbani tunaila kila asubuhi. Miaka mingi sasa. Umuhire amekua nayo.

Muzee Carlos alifumbua macho yote mawili. Akasema vizuri sana, Jumapili ijayo wakirudi kupanga siku ya kuja kuomba mchumba, ataleta mkate yeye mwenyewe, nami nitamwonjesha.

Kumwonjesha! Kwetu Masisi na kwao Rutshuru desturi ni moja. Mwenye nyumba huonja kwanza, mbele ya macho ya mgeni, kutoka chombo kilekile, ili mgeni ajue hakuna ubaya ndani. Wazee huita gusogongera. Na mwenye nyumba akionja huku amekunja uso, hapo wageni huanza kutafuta viatu vyao.

Walipoondoka, Umuhire alinifuata uani. Ana miaka ishirini na minane, ni muuguzi, na akiwa na hasira sauti yake hushuka badala ya kupanda. Leo ilikuwa chini kabisa.

"Papa, nakuomba kitu moja tu. Hii mara useme kweli. Ile mambo ya ng'ombe haijatoka mu kichwa yangu."

Mambo ya ng'ombe. Sipendi kuyaandika lakini nayaandika. Miaka mitatu iliyopita alikuja kijana mwingine, mzuri, mwalimu. Niliwaambia wazazi wake kwamba nina ng'ombe arobaini kwenye vilima vya Masisi. Wakapanda kwenda kuwaona. Walikuta watatu, na hao watatu walikuwa wa jirani. Uchumba ulikufia palepale malishoni. Umuhire alilia siku mbili. Siku ya tatu aliacha kulia, akaenda kazini, na tangu hapo hakuna kijana aliyefika hapa mpaka Ushindi.

Nilimjibu kwamba huu siyo uongo. Ni ukweli uliochelewa. Nina siku saba za kuufikisha: kutafuta chupa moja, kisha kuzoea kuila. Nikishaizoea, nitakuwa sikudanganya mtu. Umuhire aliingia ndani.

Jumatatu, tarehe 9 Septemba

Chupa imepatikana!

Nilimkumbuka Miriam wa kwaya yetu. Ni mpishi kwenye nyumba ya wageni kule karibu na ziwa, wanakolala wazungu wa mashirika. Nilimfuata asubuhi. Nilieleza: nyeusi, chumvi, chupa ndogo. Akaijua mara moja. Mgeni mmoja aliiacha mwezi wa tatu, ikiwa haijafunguliwa, na hakuna aliyeigusa tangu hapo. Alisema hata panya wa stoo wanaipita pembeni.

Nikampa jibini zima, duara, lile la kukomaa. Akauliza naitakia nini. Nikasema kikohozi. Akaahidi kukiombea.

Uongo wa pili. Lakini huu ni wa kiafya.

Jumanne, tarehe 10 Septemba

Aibu. Aibu. Aibu.

Nilipanga kuanza mazoezi dukani, mapema, kabla ya wateja. Nikanunua mkate. Nikafungua chupa. Rangi nzuri, inang'aa, kama chokoleti. Nikajiambia, Célestin, unaogopa nini? Nikaipaka kama tunavyopaka karanga ya kusaga: nene, mpaka pembeni, unene wa kidole. Nikang'ata nusu mkate kwa mara moja ili nionyeshe ushujaa. Nani alikuwa ananiona? Hakuna. Ndiyo upumbavu wenyewe.

Kwanza chumvi. Kisha uchungu. Kisha chumvi nyingine iliyokuwa imejificha nyuma ya uchungu. Ulimi ulirudi nyuma ukatafuta pa kujificha. Na hapo hapo akaingia mama Bénita, mke wa kapiteni mmoja wa kambi ya jeshi, akauliza kama jibini ni la wiki hii. Sikuweza kufungua mdomo. Sikuweza kumeza, sikuweza kutema mbele ya mteja. Nikatikisa kichwa. Machozi yakashuka yenyewe mpaka kwenye shati.

Mama Bénita akashika kifua. Akauliza ni nani amefariki.

Ningeweza kusema hakuna. Mdomo ulipofunguka, ukasema shangazi. Akauliza shangazi gani. Ukasema wa Kibati.

Sina shangazi Kibati. Sijawahi kuwa naye. Lakini kufikia saa sita mchana watu watano walikuwa wamekuja dukani kunipa pole, wameketi kwenye makreti, wanasema alikuwa mwanamke mwema. Mama Bénita alirudi na kilo moja ya sukari ya matanga. Niliipokea. Naona haya kuliandika neno hilo, lakini niliipokea, kwa mikono miwili.

Jumatano, tarehe 11 Septemba

Nimejaribu njia zote. Naziandika ili mateso yangu yasipotee bure.

Ndani ya chai ya maziwa: maziwa yalikatika, nikayanywa hata hivyo. Sitaki kuzungumza juu ya hilo.

Na ndizi mbivu: hapana.

Na sambaza waliokaangwa: samaki wadogo wa ziwa wana chumvi yao tayari. Niliamka mara tatu kutafuta maji.

Na avoka: hapo kidogo. Avoka ilikuwa na huruma.

Marie-Claire aliniuliza kwa nini najitesa wakati naweza kumpigia muzee Carlos simu na kusema ukweli kwa dakika moja. Nikamwambia hajui heshima ya mwanaume. Akasema anaijua, amekaa nayo miaka thelathini, ndiyo inayokatisha maziwa kwenye chai.

Jioni kwenye mazoezi ya kwaya Miriam aliuliza kikohozi kinaendeleaje. Nikasema naila kwa kijiko. Akafunika mdomo. Akanieleza kwamba wageni wake hupaka siagi kwanza, nyingi, kwenye mkate wa kuchoma ukiwa bado wa moto. Halafu wanachukua ile nyeusi kiasi cha ukucha wa kidole kidogo, wanaisambaza mpaka mkate ubakie na kivuli tu. Kivuli! Mimi nilikuwa napaka lami ya barabara.

Nimerudi nikajaribu. Ukucha mmoja, siagi nyingi. Haikuwa tamu. Lakini sikulia.

Alhamisi, tarehe 12 Septemba

Magloire ni nyoka.

Alikuja dukani eti kunipa pole ya shangazi. Alijua vizuri kwamba sina shangazi, ameoa dada—hapana, mimi ndiye nimemwoa dada yake, hasira inanichanganya. Aliona chupa nyuma ya mizani. Akaipiga picha kwa simu, na simu ikamtafsiria maandishi. Chachu ya pombe. Akatabasamu, akaenda zake bila kununua.

Saa nane pasta Uwitonze aliingia. Kanisa letu halinywi pombe, na shemasi ndiye wa mwisho kuisogelea. Pasta alisema kwa upole kwamba amesikia ndugu Célestin amefiwa na sasa anakula pombe kwa kijiko ili kupunguza huzuni. Nikataka ardhi ipasuke. Hapa Goma, chini ya volkano, mtu asiombe hivyo kwa sauti, nikanyamaza.

Nikampa chupa ajionee mwenyewe. Pasta ni mtu wa haki, hahukumu kitu asichokijua. Akachukua kijiko kizima kabla sijamweleza habari ya ukucha.

Akaomba maji. Akaomba maji tena. Kisha akatoa hukumu: hakuna mtu anayeweza kulewa kwa kitu hiki, kwa sababu hakuna anayeweza kumeza cha kutosha. Aliondoka bila kuniombea.

Magloire ameshindwa. Lakini siyo hilo ninalotaka kuandika. Jioni nilikuwa nimechoka, peke yangu jikoni, Marie-Claire yuko kwa jirani. Kulikuwa na viazi vya kuchemsha vilivyobaki. Nikavikata katikati, nikapaka ukucha wa ile nyeusi, nikaweka kipande cha jibini juu, nikavisogeza kwenye mbabula, jiko letu la makaa, mpaka jibini likaanza kulala juu ya viazi.

Nikala kimoja. Nikasimama. Nikala kingine nikiwa nimesimama.

Sijui niseme nini. Jibini langu, ninalolijua tangu nikiwa mtoto, lilikuwa kama limenyanyuka na kuniita jina.

Ijumaa, tarehe 13 Septemba

Naipenda!

Naipenda kweli, bila hila. Asubuhi nilikula mkate wa kuchoma na siagi na kivuli chake. Saa nne, viazi. Saa sita nilikoroga kidogo kwenye maharage, sufuria nzima ikabadilika tabia. Saa tisa nilikata jibini vipande vyembamba na kuchovya tu, bila mkate, nikiwa nimejificha nyuma ya kaunta kama mtoto. Jioni, yai la kuchemsha. Ulimi ule uliokimbia Jumanne sasa unaniamsha wenyewe.

Umuhire alirudi kutoka zamu akanikuta na yai. Alisimama mlangoni akanitazama ninavyokula. Uso wangu haukuwa umekunjamana. Hata sikujua ananiangalia.

"Kumbe unaipenda kweli," alisema.

Akacheka. Akaja akakaa karibu nami, akaonja ncha ya kisu, akatema kwenye kiganja, akacheka tena. Sijamsikia akicheka hivyo tangu mambo ya ng'ombe. Alisema Jumapili hataogopa. Akasema alikuwa hajalala vizuri wiki nzima.

Nimekaa hapa na kalamu na sioni haya yoyote. Jambo geni. Uongo wangu umekuwa kweli, na nimebaki na siku moja mkononi.

Jumamosi, tarehe 14 Septemba

Chupa ni tupu.

Sijui ilivyotokea. Najua ilivyotokea. Niliamka mapema nikasema kipande kimoja tu, nihakikishe bado naipenda. Nikahakikisha mara sita. Kijiko kikawa hakifikii chini ya shingo ya chupa. Nikatumia mpini. Nikalamba kifuniko. Kisha nikamimina maji ya moto ndani, nikatikisa, nikanywa kama supu. Ilikuwa supu nzuri. Nikaweka chupa mezani, jua likapita ndani yake moja kwa moja mpaka upande wa pili, na hapo ndipo nikakumbuka kesho ni Jumapili.

Nilimpigia Miriam. Hakuna nyingine. Nilipanda moto, pikipiki ya kukodi, kutoka duka la vyakula vya wageni mpaka jingine, maduka manne. Mwenye duka la mwisho aliniletea nta ya viatu.

Nilirudi nimeamua kumwambia Umuhire. Naandika hili ili ijulikane: niliamua. Nilifika mpaka mlango wa chumba chake. Alikuwa anapiga pasi gauni la kesho, anaimba wimbo wa kwaya, sauti ya pili, taratibu. Nikasimama pale na maneno yangu. Nikageuka.

Ni woga tu. Sina jina lingine la kuuita.

Marie-Claire alikuwa sokoni. Nikachukua ile sukari ya matanga ya mama Bénita, nikaichemsha kwenye sufuria mpaka ikawa kahawia, kisha nyekundu, kisha nyeusi kabisa. Nikatia chumvi. Nikatia vipande viwili vya kiungo cha supu ili ipate harufu ya uzito. Ilikuwa inateremka kwenye kijiko polepole, inang'aa, mtu asingeweza kuitofautisha. Nikaimimina kwenye chupa ikiwa bado laini, nikafunga, nikaweka kabatini. Nikajiambia muzee Carlos ameikosa miaka mingi, ulimi husahau.

Wangu haukusahau hata saa moja. Nilijua hilo wakati nafunga kifuniko.

Jumapili, tarehe 15 Septemba

Nitaandika kwa utaratibu.

Walikuja baada ya ibada: muzee Carlos, mama Rosette, Ushindi. Muzee Carlos alibeba mkate mwenyewe, umefungwa kwenye kitambaa cheupe. Magloire alikuwa ameshakaa kwenye kiti changu. Umuhire alileta sinia: chupa, kijiko, siagi. Gauni lake lilikuwa zuri mno.

Nilisimama. Nilisema maneno machache juu ya urafiki na mkate. Nikashika kijiko nionje kwanza, kama desturi inavyotaka, mbele ya macho ya wote. Nikakishusha.

Kijiko kiligonga. Tii.

Nikagonga tena. Tii. Ndani kulikuwa kumekauka kama jiwe. Sikujua kwamba sukari iliyochemshwa hivyo hugeuka jiwe ikipoa. Mimi ni mtu wa maziwa. Nikacheka, nikasema leo kuna baridi. Magloire akasema Brussels vitu vya kupaka ni laini. Nikachukua kisu. Kisu kikapinda. Nikasema tuipashe moto kidogo, nikaiweka chupa kwenye mbabula palepale uani, wote wakiangalia kupitia mlango uliokuwa wazi. Nikasubiri. Nikasema inakuja.

Chupa ikapasuka. Kioo kilianguka vipande pembeni, na katikati likabaki jiwe jeusi lenye umbo la chupa, linang'aa, kama yale mawe ya volkano tuliyojengea uzio.

Magloire akauliza kama tunalilamba au tunalijengea. Mama Rosette aliinuka, akaokota kipande kidogo kilichomeguka, akakitia mdomoni. Akafikiri. Akasema ni sukari. Na supu.

Nilianza kusema kwamba ndivyo watu wa huku wanavyoitengeneza. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Nikamwona Umuhire. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko na birika la chai, hakuweka chini, hakulia, ananiangalia kama mtu anayesubiri basi ambalo anajua halitasimama.

"Papa," alisema. "Sema tu."

Nikasema. Sijui nguvu ilitoka wapi. Nikasema hivi, nayaandika kama yalivyotoka:

"Niliwadanganya. Hatukuwahi kuikula hapa hata siku moja. Niliitafuta juu yenu, nikajilazimisha, nikalia. Kisha nikaizoea. Kisha nikashindwa kuiacha. Jana asubuhi niliimaliza yote, miye moja, ndiyo nikapika hii bongo, hii uongo."

Nilitamani kupotea kama moshi. Muzee Carlos alikuwa amefumba macho. Alikaa hivyo mpaka nikaanza kuhesabu vipande vya kioo. Kisha akaniuliza, bila kuyafumbua, nilifanyaje na ile ya chini kabisa, maana kijiko hakifiki.

Nikasema maji ya moto. Nilitikisa, nikanywa.

Akauliza na ile ya kwenye kifuniko.

Nikasema nililamba.

Akafumbua macho, akamgeukia mkewe. "Huyu sasa anasema kweli. Ile ya kifuniko, mutu hawezi kuitunga."

Akasimulia kwamba mwaka wake wa kwanza Nairobi naye aliipaka nene, akalia mbele ya bosi wake, akamwambia amefiwa. Kisha akaacha kucheka. Akasema habari ya ng'ombe arobaini waliisikia zamani, Rutshuru nzima iliisikia. Wazee wao waliwashauri wasije kwetu. Yeye alikataa, akasema kwanza atanijaribu: anataka kuona kama ninaweza kusema kweli mbele ya watu, hata mara moja.

Kwa hiyo Umuhire alikuwa anapimwa kwa mdomo wangu. Wiki nzima. Na mimi nilikuwa napika sukari ya matanga.

Ilikuwa lazima kionjwe kitu. Marie-Claire alileta maziwa. Nikaonja kwanza, mbele ya macho yao, nikampa muzee Carlos, akanywa. Wamepanga siku ya kuja kuomba: Jumamosi, tarehe 12 Oktoba. Ushindi alicheka mpaka akapangusa macho. Umuhire hakucheka. Aliweka birika chini, akakaa kwenye kiti cha karibu, akaniangalia, kisha akanimiminia chai mimi wa kwanza.

Jumatatu, tarehe 16 Septemba

Nina haya mpaka kwenye magoti. Lakini ni haya safi, kama nguo iliyofuliwa. Nimeanza maisha mapya.

Nilianza na mama Bénita. Nilinunua kilo moja ya sukari, nikaenda kambini kumrudishia na kumwambia ukweli kwamba hakuna aliyekufa. Alinipokea vizuri, akanikalisha. Akauliza shangazi amezikwa wapi. Nikasema Kibati.

Nimerudi na sukari. Alinipa na ndizi.

Jumamosi, tarehe 21 Septemba

Ushindi alikuja dukani na kifurushi. Rafiki wa muzee Carlos amefika kutoka Nairobi. Ndani kulikuwa na chupa mbili! Moja ni ile ile, rafiki yangu. Nilitaka kuikumbatia. Ya pili sikuijua: chupa tofauti, kifuniko kipana zaidi. Ushindi alisema baba yake anaeleza kwamba hiyo ya pili ni ya nchi nyingine ya mbali, nayo ya chachu, lakini yeye mwenyewe hajawahi kuionja. Anauliza kama mimi naijua.

Swali rahisi. Jibu lake ni neno moja. Nilikuwa nalo ulimini, naapa.

Lakini Magloire alikuwa amekaa kwenye kreti. Na kabla sijafungua mdomo, Magloire akasema hiyo aliiona Brussels.

Nikamwambia Ushindi ampelekee baba yake salamu, amwambie hiyo ya pili ndiyo hasa ya nyumba hii. Ile ya kwanza ni ya kila siku. Hii tunaiweka kwa sikukuu. Nikasema siku ya kuomba nitawaandalia wageni wote, kila mmoja na mkate wake. Akauliza wageni wangapi. Nikasema arobaini.

Neno lilipotoka nililisikia. Nikageuka. Umuhire alikuwa amesimama mlangoni na chakula changu cha mchana kwenye kitambaa.

Aliweka chakula juu ya mizani. Akachukua ile chupa ya pili, akaifungua, akavunja kipande cha mkate, akapaka. Hakupaka kivuli. Alipaka nene, mpaka pembeni. Akaninyoshea kwa mikono miwili, mbele ya Ushindi, mbele ya mjomba wake.

"Onja kwanza, Papa. Ni desturi."

Nilionja. Wote watatu waliniangalia usoni. Sikuukunja. Machozi yalishuka lakini uso haukukunjamana, na nilipoweza kusema nilisema ni kama kawaida.

Umuhire alifunga kifuniko polepole, akaniachia chupa mkononi, akatoka na Ushindi. Magloire aliuliza kwa nini nalia. Nikamwambia nimemkumbuka shangazi.

Hii ina uchungu zaidi kuliko ile ya kwanza. Ukucha mmoja, siagi nyingi, labda na viazi. Nina siku ishirini na moja.